Picha Isiyotikisika

Zama za filamu, mpigapicha wa mtaani alikuwa na maneno mawili ya kumpa mteja habari mbaya: "imeungua" na "imetikisika". Picha iliyoungua haikuwa na ubishi. Mwanga umepenya pasipotakiwa, mkanda umeharibika, hapana sura wala kivuli; mteja hurejeshewa fedha zake au hupigwa nyingine, mambo yakaisha. Picha iliyotikisika ndiyo yenye kesi. Ndani yake mtu yumo na hayumo. Shati lake linajulikana, simamo lake linajulikana, lakini macho yamekuwa mistari na mdomo umekuwa doa. Mteja husema si yeye, mpigapicha husema ni yeye, na wote wawili wana haki.

Neno "imetikisika" lina kasoro moja, nayo ni kuwa linatia maradhi manne katika chupa moja. Kuna picha iliyoharibiwa na mkono wa mpigaji. Kuna iliyoharibiwa na mwendo wa mpigwaji. Kuna ambayo hapana aliyetikisika, ila shabaha ya lenzi imeangukia pengine. Na kuna ambayo mkono, mwendo na shabaha vyote ni salama, ila kioo chenyewe kina ukungu. Tabibu asiyetenganisha homa na homa humpa kila mgonjwa dawa moja. Na mpigapicha asiyetenganisha maradhi haya atailaumu kamera yake maisha yake yote. Nataka katika kurasa hizi niyatenganishe, kwa kuwa niliwahi kuona, katika nchi ya Wasukuma, ni nini hupotea picha moja inapokosa kutulia.

Mimi sikusomea kupiga picha, kama nisivyosomea ushairi wala tafsiri. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Zenit-E, chuma kizito cha Kirusi, niliyoinunua kwa mtu hapa Unguja ikiwa imekwisha kutumika. Ilikuja na lenzi ya Helios ya milimita 58, na kipimo cha mwanga kisichotaka betri, na kijitabu cha maelezo kwa Kiingereza. Nilikaa na kijitabu kile na kamusi, nikakifasiri ukurasa kwa ukurasa katika daftari la shule; na naweza kusema kuwa ndiyo tafsiri yangu ya kwanza. Maneno yalinisumbua kuliko mitambo. Kile kilango kinachofunguka na kufunga ndani ya kamera nilikiacha kiitwe shata, kama walivyokiita mafundi. Tundu la lenzi, linalopanuliwa na kubanwa kwa kuzungusha duara, nikaliita tundu, basi. Ama ile kazi ya kuifanya sura ikae wazi ndani ya kioo, nikaiita shabaha, kwa kuwa kamera hulengwa kama bunduki. Tofauti ni kuwa mwenye bunduki hutafuta upande, na mwenye kamera hutafuta umbali.

Sisi wa Mji Mkongwe tulilelewa na picha za studio. Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, imetunza nyuso za Wazanzibari kwa vizazi, na kabla yake walikuwapo akina Gomes tangu karne ya 19. Ukizitazama picha hizo utaona kuwa kila kitu kimetulizwa kabla shata halijafunguka: taa imesimamishwa, kiti kimewekwa, pazia limenyooshwa, kamera imekaa juu ya miguu mitatu, na mpigwaji ameambiwa asijitikise. Uwazi wa picha zile umeanza mbali kabla ya kidole cha mpigaji. Lakini mtu akitoka studio akaenda uwanjani, kwenye vumbi na ngoma, msaada wote huo huachwa nyuma, naye hubaki na mkono wake, jicho lake na pumzi yake.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Julai 2003, nilipofika Bariadi. Wakati ule Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu, wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ulianzishwa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao yake makuu, nao ukachukua jina la mto unaomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Ni nchi ya pamba, dengu na choroko, nchi ya ng'ombe na tambarare ndefu zilizovunjwa na vilima vya mawe. Na mashariki yake ndiko iliko Serengeti. Nilikwenda kwa mwaliko wa rafiki yangu mwalimu, Msukuma wa huko huko. Babu wa mkewe, aliyekwisha kufariki, alikuwa ningi, yaani mtunzi na mwimbaji anayeongoza ngoma. Mwalimu alikuwa amekusanya nyimbo za mzee yule kutoka vinywani mwa watu, akaziandika katika madaftari mawili, nasi tukaazimia kuzitia katika Kiswahili.

Ngoma za Wasukuma zimegawika katika vyama viwili vikuu vya mashindano, Bagalu na Bagika, na asili yake husimuliwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Gumha na Ngika. Baada ya mavuno, vyama hukutana na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Kwa hiyo ningi hana budi kuwa na ulimi. Hujisifu, humchoma mshindani, hucheka naye na humcheka. Msomaji aliyelelewa kwenye mipasho ya taarabu hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika wimbo mmoja wa mzee yule, mwimbaji anamwambia mshindani wake aangalie kitu alichokishika mkononi. Hakitaji jina. Kisukuma, kama Kiswahili, ni lugha ya ngeli, na mara nyingi kiashiria humpa mfasiri fununu ya kinachozungumzwa. Lakini hapa mtunzi alitumia neno lenye maana ya "kitu", na ngeli ya kitu hubeba kila kitu. Waliomsikia wakati wake hawakuwa na haja ya kuuliza, kwa kuwa walikuwa wakikiona. Sisi tuliokuja na kalamu hatukukiona.

Mwalimu akasema, "Ngoja, ipo picha."

Ilikuwa picha ya nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, na ndiyo picha pekee ya marehemu iliyobaki katika ukoo. Mzee yuko uwanjani, mkono wa kulia ameuinua, mdomo wazi. Uso ni ukungu mtupu. Mkono umekuwa upepeo, na mwisho wa mkono ule pana mchirizi mweupe. Wajukuu walikuwa wamegawika pande mbili juu ya mchirizi ule, na mgawanyiko wenyewe ulikuwa wa miaka. Upande mmoja ulisema ni usinga, kwa kuwa ningi ni mtu wa heshima. Upande wa pili ulisema ni jembe, kwa kuwa mzee aliimba sana bugobogobo, ngoma ya wakulima, ambayo wachezaji wake hucheza na majembe mkononi. Wa usinga wakajibu kuwa jembe halina udogo ule. Na wote walikuwa wakibishana juu ya mtu ambaye wadogo miongoni mwao hawakumwona kabisa, wala hawajui pua yake ilikuwaje.

Niliiomba picha, nikaipeleka dirishani. Hapa ndipo somo la kutenganisha maradhi linapoanza, kwa kuwa picha iliyotikisika hueleza yenyewe kilichoitikisa. Tazama vitu visivyo na uhai. Ikiwa mti, jiwe na mtu vyote vimevutika, tena kwa upande mmoja, basi mkono wa mpigaji ndio uliocheza. Ikiwa kitu kilicho mbele au nyuma ya mtu ki wazi kama kilichochongwa, na mtu peke yake ni laini kama pamba, na ulaini wake hauna upande, basi shabaha imekosewa. Ikiwa kila kitu ni wazi isipokuwa kile kilichokuwa kikienda, basi shata lilikuwa pole kuliko mwendo. Na ikiwa picha nzima imetandwa weupe, na penye mwangaza pamevuja kama maziwa, kioo ndicho kichunguzwe. Katika picha ile, kinu kilichokuwa karibu na miguu ya mzee kilionekana mpaka nyufa zake. Kwa hiyo tumtendee haki yule mpigapicha asiyejulikana: mkono wake ulikuwa imara na umbali aliupima sawa. Lililomshinda ni mzee mwenyewe, ambaye hakuwa na sababu ya kusimama.

Siku ya pili mwalimu alinipeleka kutazama bugobogobo, nami nikaenda nikiwa na filamu moja ya picha 36, yenye wepesi wa 100, na nia ya kujua kama jembe linalorushwa linaweza kushikwa na kamera. Hesabu si ngumu. Mkono wa mchezaji ukienda mita 2 kwa sekunde, basi katika 1/60 ya sekunde huwa umekwenda sentimita 3 na zaidi, na huo ni mchirizi. Katika 1/500 huwa umekwenda milimita 4 tu, na jicho husamehe. Lakini shata likiharakishwa, mwanga unaoingia hupungua, na tundu lazima lipanuliwe ili kufidia. Wapigapicha wa zamani walikuwa na kanuni ya kukumbukwa bila kipimo: penye jua kamili, weka tundu namba 16, na shata liwe sawa na wepesi wa filamu, yaani 1/125 kwa filamu ya 100. Ukilibana tundu kwa hatua moja, lipunguze shata mbio kwa hatua moja, ukilipanua, liongeze. Kwa hiyo namba 16 na 1/125 ni sawa na namba 8 na 1/500. Saa tano za asubuhi chini ya jua la Bariadi, namba 8 na 1/500 ndiyo niliyoiweka, na 1/500 ndio mwisho wa mbio za Zenit.

Hata hivyo mbio za shata hazitoshi peke yake. Lazima mpigaji aijue ngoma. Jembe linalorushwa juu hupanda likipungua mwendo, hufika kileleni, na pale kileleni, kabla halijaanza kushuka, kwa kitambo kidogo hupoteza mwendo wote. Mchezaji anayeruka naye ni vivyo hivyo. Kila kiendacho na kurudi kina kituo chake. Sisi washairi hatuna haja ya kuajabia jambo hili, kwa kuwa mshororo nao una kituo baina ya ukwapi na utao, na mghani hupumua hapo. Nikaacha kuyafuata majembe kwa macho nikayasikiliza kwa ngoma, na baada ya dakika chache nikajua pigo lipi ndilo la kilele. Kidole hakina budi kutangulia kidogo, kwa kuwa amri huchelewa kutoka jichoni mpaka kidoleni, na kioo cha ndani ya kamera nacho hutaka muda wa kujiinua. Picha nne nilizopiga kwa kusikiliza zilitoka na majembe yamening'inia hewani, makali yake yanahesabika.

Ama wigashe, ngoma ambayo vijana huicheza na kuiimba wakiwa wamekaa, haidai mbio hizo. Waimbaji wamekaa, wanayumba kiunoni tu, na hapo hatari hurudi kwa mpigaji mwenyewe. Kanuni ya mkono ni kuwa shata lisiwe pole kuliko urefu wa lenzi: kwa lenzi ya milimita 50 au 58, usishuke chini ya 1/60, kwa lenzi ya milimita 135, usishuke chini ya 1/125, na bora ni 1/250, kwa kuwa lenzi ndefu inayokuletea uso wa mtu karibu hukuletea na mtetemo wako karibu vilevile. Viwiko vibanwe mbavuni. Mguu mmoja utangulie. Kiganja cha kushoto kiishike lenzi kwa chini kama anayepokea kikombe. Pumua nje, na pumzi ikiisha, kabla hujavuta nyingine, bonyeza. Kidole kisidokoe, kikamue. Na Wasukuma, ambao wanajua kukamua, walinielewa upesi nilipowaeleza hivyo. Mwanga ukipungua zaidi, tafuta cha kuegemea: mti, nguzo, mlango. Mwalimu alinipa kifuko cha choroko, nikakiweka juu ya ukuta na kamera juu yake, ikalala kama kuku juu ya mayai. Na tangu hapo sijawahi kuwa na miguu mitatu iliyo bora kuliko kifuko kile. Choroko hukaa kwa umbo la kamera, na mtetemo huishia ndani yake.

Siku ya tatu tulikwenda kijijini kwa mjane wa mzee. Tulikuwa na haja mbili: kumwuliza juu ya kitu kile, na kumpiga yeye picha, kwa kuwa hata yeye hakuwa na picha iliyo wazi, na umri wake ulikuwa umekwisha kupita kuhesabiwa. Nilibakiwa na nafasi tatu katika filamu. Tulifika saa kumi na moja ya jioni. Jua la Bariadi, kwa kuwa mji uko magharibi kuliko Unguja kwa digrii 5 hivi, huchelewa kutua kuliko letu kwa dakika 20 hivi, lakini likishatua huko kama huku giza halisubiri mtu. Mwalimu alimwamkia, "Mwadila, mayu," nami nikaitikia heshima ile kwa ulimi wangu wa pwani, naye akacheka. Akatukaribisha chini ya mwembe, akaketi juu ya kigoda.

Mwalimu alimpa picha ile na kumweleza ubishi wa wajukuu. Bibi aliikaribisha usoni, akaitoa mbali, akairudisha tena. Hakusema kitu. Aliinuka akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na jembe. Lilikuwa na mpini wake, lakini bapa lilikuwa limeliwa na udongo mpaka limebaki kama kiganja cha mtoto, jeupe kwa kusuguliwa. Kumbe wote walikuwa na haki: lilikuwa jembe, na lilikuwa dogo mno kuwa jembe. Ndilo alilolimia akiwa kijana, akaliimbia lilipochakaa, akalikataza kutupwa.

Bibi alisema maneno machache, na mwalimu akanifasiria: "Nipige nalo. Mtu asije akabishana tena."

Basi fikiria, msomaji, mpigapicha amekabidhiwa amri kama ile na nafasi tatu. Kivulini, kwa saa ile, filamu ya 100 ilinipa tundu namba 4 na shata la 1/60, wala si zaidi. Kwa mkono wangu 1/60 ilitosha, na niliuegemeza mgongo wangu kwenye shina la mwembe. Kwa mikono ya bibi haikutosha, kwa kuwa ilikuwa ikitetemeka kwa uzee, na jembe likatetemeka nayo. Tena alikuwa amelilaza magotini, na magoti yako mbele ya uso. Lenzi ya milimita 58 kwa umbali wa mita moja na nusu, tundu likiwa namba 2, huona wazi kina cha sentimita 8 tu, upana wa kiganja. Kilicho mbele ya hapo na nyuma ya hapo hulainika. Kwa namba 4 kina huongezeka mara mbili, na bado hakifiki kutoka gotini mpaka machoni. Ningeyapata macho nikalipoteza jembe, au nikalipata jembe nikayapoteza macho, na wajukuu wakaendelea na kesi yao.

Nilirudi nyuma mpaka mita 2, na kwa umbali huo kina kikawa shibiri moja na zaidi. Kisha nikamwomba mwalimu amwombe bibi alikumbatie jembe kifuani, bapa likiwa juu, chini kidogo ya kidevu. Mambo mawili yalitimia kwa mara moja: jembe na macho yakawa katika umbali mmoja, na mikono, ilipobanwa kifuani, ikaacha kutetemeka. Nikalifungua tundu mpaka namba 2 ili kioo kiwe cheupe, nikapima shabaha kwenye kope za jicho lililo karibu nami, kwa kuwa jicho likiwa wazi mtazamaji husamehe mengine. Kisha nikalibana tundu mpaka namba 4, kama Zenit inavyodai lifanywe kwa mkono. Kioo kikawa giza. Sikutazama tena umbali, nikatazama pumzi yake. Kifua kilipanda, kikashuka, kikatulia. Nikakamua. Nikapiga ya pili, kwa kuwa kope hupepesa bila ya ruhusa ya mtu. Ya tatu niliipiga kwa hiari yake, maana alitaka nimpige akicheka.

Filamu ilisafishwa Mwanza. Zilipotoka, ya kwanza na ya pili zilikuwa wazi hata nyuzi za mpini zinahesabika, na katika bapa la jembe pana mstari wa kutu unaojulikana mwanzo wake na mwisho wake. Ya tatu imelainika kidogo mdomoni, kwa kuwa kicheko ni mwendo, na hapana aliyeilalamikia. Mwalimu alizichukua kijijini kwa mkono wake.

Ama mimi nilirudi kwenye wimbo. Nilikuwa nimeandika "kitu hiki", neno salama la mfasiri asiyeona. Sasa niliweza kuandika "kijembe hiki". Ngeli haikubadilika, kiashiria hakikubadilika, mizani ikaongezeka moja tu na nikaipatia nafasi. Lakini msomaji wa pwani anajua kuwa kijembe kwetu ni neno lenye ncha mbili: ni jembe dogo, na ni neno la kumchoma mtu. Na mzee yule, akiwa amesimama mbele ya mshindani wake, alikuwa na vyote viwili, kimoja mkononi na kimoja ulimini. Sikukitafuta kijembe hicho. Nilikionyeshwa na mjane, nikakipata katika lugha yangu kikiningoja. Lau tungeliufuata mchirizi mweupe, leo katika tafsiri ile pangekuwa na usinga, na mkulima angekuwa amegeuzwa mtu mwingine kwa uzuri wa maneno.

Ndiyo maana nasema kuwa uwazi wa picha ni amana kabla haujawa uzuri. Wapo wanaosifu picha iliyotikisika kuwa ina uhai, na katika mikono ya fundi anayejua alitakalo sifa hiyo huwa ya kweli. Lakini aliyetikisa kwa kutaka huwa anajua jinsi ya kutotikisa, na zaidi ya hayo huwa na picha nyingine. Ukoo wenye picha moja hauna anasa hiyo.

Leo simu imetuondolea hesabu. Hupima mwanga, hutafuta uso, hupiga picha kumi ukibonyeza moja, na mtu huchagua. Hata hivyo maradhi ni yale yale manne, kwa kuwa mkono ni ule ule na ngoma ni ile ile. Ni dawa tu iliyofichwa ndani ya kifaa. Na kamera za filamu hazijatoweka: najua vijana wa hapa Unguja wanaozifukua makabatini mwa baba zao. Kwao nina wasia mfupi. Anzeni na kioo, kwa kuwa unyevu wetu wa pwani huotesha koga ndani ya lenzi iliyofungiwa gizani, nyuzi nyembamba kama za buibui, na hakuna utulivu wa mkono unaotibu koga. Iwekeni lenzi penye hewa na mwanga, wala msiifute kwa ncha ya kanzu, kwa kuwa chembe moja ya mchanga huchora kioo milele. Kisha wekeni shata lisiloshindwa na mwendo, tafuteni cha kuegemea, pimeni umbali kwenye jicho, na subirini pumzi itue.

Na kabla ya yote hayo mwulize unayempiga: angependa kushika nini?